Toleo la Tisa

Bunia, Nyakasanza, 18 Novemba 2002

Mama Madeleine,

Nakusalimu kutoka biro yako, hapa ofisini kwa chama. Tangu mlipokimbilia Beni na mumeo baba Kamate mwezi wa nane, kiti chako nimekiacha palepale, na meza naipanguza mwenyewe kila Jumatatu. Duka lenu limechukuliwa na watu wenye bunduki. Sikutaka uisikie habari hiyo kwa mwingine.

Nakuandikia juu ya orodha. Chama chetu kiliahidi kuwatafutia watu wa Djugu ndugu zao waliotawanyika, na sasa orodha yenyewe imetawanyika kuliko wao. Nina diskete tatu za kompyuta mezani. Moja umeandika "mwisho", moja nimeandika "mwisho kabisa", na ya tatu prezida wa chama, Blanchard, ameandika "mwisho, ya kweli". Nimezifungua zote. Hakuna inayofanana na nyingine.

Wiki iliyopita Pétronille wa Fataki alisoma kwenye karatasi niliyobandika kwamba mtoto wake Rodrigue yuko Komanda. Alitembea siku tatu. Alipofika akaambiwa mtoto alipelekwa Beni tangu mwezi wa tisa. Habari hiyo ilikuwa kwenye orodha yako, haikuwa kwenye yangu. Aliporudi hakunitukana. Alikaa mlangoni, akavua viatu, akanionyesha nyayo zake, akasema: "Mwalimu, karatasi yako imenidanganya."

Naomba kila orodha iwe na namba na tarehe, na mabadiliko yote yapitie kwa mtu mmoja. Mtu huyo uwe wewe. Huko umeme unapatikana, na jicho lako ni kali. Neno la pili ni safu ya tano, ile ya mahali mtu analala sasa. Kuna watu wanaotafutwa na ndugu zao, na kuna wanaotafutwa na wengine. Safu hiyo isionekane kwenye karatasi yoyote tunayobandika au kugawa.

Mke wangu Bénédicte anakusalimu.

Wako katika kazi,
Donatien


Beni, 3 Desemba 2002

Mwalimu Donatien,

Barua yako imefika, rubani aliikunja ndani ya soksi yake. Asanti juu ya habari ya duka. Kamate alisikia, akaenda kulala bila kula.

Sasa kazi. Mambo yako nimeyakubali na nimeyaongeza, weye unanijua. Kuanzia leo kuna orodha moja tu yenye kuwa mama, na iko kwangu. Weye unanitumia mabadiliko, mimi naingiza, naongeza namba, nakurudishia, tunakuwa wote wawili na orodha moja. Nimenunua kaye ya kurasa mia mbili. Humo ndani kila kitu kitaandikwa: nani alibadilisha, siku gani, juu ya nini. Blanchard mwenyewe akitaka kugeuza hata herufi moja, atapita kwa kaye. Alicheka nilipomwambia. Mimi sikucheka.

Orodha yenye safu ya tano tutaiita "ya ndani", na ni mimi na weye tu tutakuwa nayo. Ile isiyo na safu ya tano ni "ya inje", na hiyo watu wote wanaweza kusoma.

Mwambie Pétronille kama Rodrigue iko hapa, anakula, jino la mbele limetoka. Sikusoma kwenye karatasi. Nilienda nikamwangalia kwa macho.

Madeleine Katsuva


Bunia, 20 Januari 2003

Mama Madeleine,

Toleo la nane limefika, nami naanza kupumua. Jana mzee mmoja aliniuliza juu ya binti yake nikamjibu bila kubahatisha. Ni mara ya kwanza tangu vita vilipoanza kuona kitu kimoja mjini humu kikiwa mahali pake.

Katika bahasha hii kuna mabadiliko ya toleo la tisa. Angalia mstari wa 214. Ni mama Agathe, alikuwa mpishi katika shule niliyofundisha Fataki. Siku ile walipoingia alijificha juu ya dari ya jikoni, akaona wanaume kumi na mmoja wakipakiwa kwenye lori, na mume wake Mathieu akiwa wa nne. Aliyetoa amri alimtambua. Alimpikia mtoto wake miaka miwili. Sasa mtu huyo ni komanda hapa mjini, anapita na gari mbele ya soko, na watu wanamsalimu.

Nilimwambia Agathe kwamba tunaweza kuandika majina ya wale wanaume na kuliacha lake.

"Na nani atakuwa aliwaona?" akaniuliza.

"Tutaandika: mtu mmoja."

"Mutu mumoja si mutu, Mwalimu. Uniandike. Kama siandikwe, hao watu kumi na moja watakuwa walijiendea tu."

Nikamwandika. Anaishi na binti yake Abigaël, mwenye miaka kumi na miwili, kwa shemeji yake Félicien, mtaa wa Ngezi, nyumba ya pili baada ya kisima. Nimemwapia kwamba mahali pake patajulikana na watu wawili tu. Aliuliza wewe ni mtu wa namna gani. Nikasema: ni mtu wa kaye.

Donatien


Beni, 7 Februari 2003

Mwalimu,

Toleo la tisa limekamilika. Blanchard alipita hapa tarehe 5, yuko njiani kwenda kwa mkutano wa amani, alitaka nakala makumi ine za kugawia pande zote zenye kupigana, waone ukubwa wa mateso. Nilimuchapia. Ya inje, bila shaka. Usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Hapa mvua ni nyingi. Kamate amepata meza ndogo sokoni, anauza sabuni na betri.

Yule mama Agathe, bado analala palepale? Nafikiri ingefaa ahame kidogo, yeye na wengine wenye kutafutwa. Ni wazo tu. Mutu asikae mahali pamoja siku nyingi, njo vile nasema.

Tafazali unijibu upesi.

Madeleine


Bunia, 27 Februari 2003

Mama Madeleine,

Barua yako ya tarehe 7 ilinifikia juzi, tarehe 25. Umeuliza kama Agathe bado analala palepale. Hapana.

Walikuja Jumapili tarehe 23, watu wakitoka misa. Walikuwa saba, na mmoja alishika karatasi. Waliingia kwanza nyumba ya pili baada ya kisima, kwa mzee Alexis, wakamlaza chini. "Agathe wa Fataki iko wapi? Iko hapa, tumesoma." Alexis akasema hamjui. Walimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka mke wake akanyoosha kidole. Félicien alisikia kelele, akatoka nje akiwa bado amevaa shati lake la kanisani, akauliza: "Wandugu, kuna nini?" Walimpiga risasi mlangoni pake. Agathe alitoka mwenyewe, na mikono juu, ili wasiingie ndani. Wakampandisha kwenye gari. Jumanne wanawake walikuta mwili wake kwenye njia ya uwanja wa ndege.

Abigaël alikuwa kwenye foleni ya maji. Yuko kwetu sasa, Bénédicte amemlaza na watoto wetu.

Alexis anaapa kwamba kwenye karatasi ile aliona namba, mistari, na majina mengine mengi ya watu wetu. Tangu Jumapili ninazunguka kuwahamisha wote ninaoweza kuwafikia.

Mama Madeleine, nadhani ni mimi. Tarehe 12 pale bariere, kizuizi cha barabarani, askari walichukua mfuko wangu wakakaa nao tangu asubuhi hadi saa kumi. Ndani yake kulikuwa na diskete. Waliponirudishia nilifurahi kwamba haikupotea, mjinga mimi, sikufikiri kwamba kitu kinaweza kuibwa na bado ukabaki nacho. Angalia kwenye kaye. Nihakikishie kwamba kwako hakuna kilichotoka. Kama ni mimi, nataka nijue kabisa.

Donatien


Beni, 14 Machi 2003

Mwalimu Donatien,

Pole sana. Pole kwa Agathe, pole kwa Félicien, pole kwa mutoto. Tumesikia kama mji umepiganiwa tena tarehe 6 na hatukujua kama muko hai, mpaka jana.

Nimeangalia kaye. Yenye kutoka hapa tarehe 5 imeandikwa ya inje.

Usijiue na mawazo. Bariere si kosa lako, mutu yeyote angepita pale. Kamati iliniomba maelezo, nikawaeleza vile weye mwenyewe uliandika juu ya diskete. Nilisema kama weye ni mutu mwaminifu. Nilisema mara mbili.

Mungu awalinde.

Madeleine


Bunia, 9 Juni 2003

Mama Madeleine,

Nimekaa kimya kwa sababu ya vita vya mwezi wa tano. Tulilala parokiani siku kumi na moja. Sasa askari wa kigeni wamefika, na ndege zinatua tena.

Huenda umesikia kwamba kamati ilinisimamisha mwezi wa nne. Blanchard alisoma barua uliyoiandikia kamati mbele ya familia zote: diskete, bariere, Donatien. Hakuongeza neno, na neno halikuhitajika. Pétronille, ambaye mtoto wake alirudishwa kwa kazi yetu, sasa akiniona njiani anavuka upande wa pili. Dada ya Félicien alikuja kwetu na chungu ambacho Bénédicte alimpelekea chakula cha matanga. Alikirudisha hakijaoshwa, na chakula kimo ndani, kimeoza. Nilipokea. Nilijua nimestahili.

Jana walinitaka nikabidhi diskete zangu kwa sekretere mpya. Nilizifungua moja moja kabla ya kuzitoa. Ile ya bariere nilikuwa sijaigusa tangu Februari.

Mama Madeleine, ile si toleo la tisa. Tarehe 10 Februari nilipita kwa Agathe, nikaona nilikosea: nyumba ya Félicien ilikuwa ya nne baada ya kisima, si ya pili. Nilirudi nikasahihisha kwenye diskete yangu ileile, nikaandika juu yake "toleo la kumi, bado kutumwa Beni". Njia ikafungwa, sikukutumia. Halafu yakatokea yale, na kwa hofu nikasahau kabisa.

Waliomchukua waliingia nyumba ya pili. Mzee Alexis hasikii tena kwa sikio la kushoto kwa sababu waliingia nyumba ya pili. Karatasi yao ilisema ya pili, na yangu ilisema ya nne.

Toleo la tisa lilikuwa kwako tu, na kwenye bahasha niliyokupelekea wewe. Niambie.

Donatien


Beni, 30 Juni 2003

Donatien,

Ni mimi.

Blanchard alisimama nyuma yangu akigonga saa yake kwa kidole. Mafuta ya jenereta yalikuwa ya nusu saa. Nilifungua orodha, nikaandika juu "Toleo la 9, ya inje", nikataka sasa kutoa safu ya tano. Akasema: "Mama, ndege hainingojei." Nikachapa. Karatasi zilitoka moto, akazikusanya mwenyewe, akaenda. Gari lilipotoka nikaangalia mashini, safu ya tano ilikuwa pale. Mahali pa kila mutu. Juu imeandikwa ya inje, kwa mukono wangu.

Ungetaka kujua kama nilijua siku ileile. Ndiyo. Saa ileile.

Niliendaka kwa foni ya parokia, ile redio ya kusema na Bunia, mara mbili. Mara ya kwanza padri alikuwa pale, nikaona haya. Mara ya pili mwenye foni akauliza: "Mama, ujumbe gani?" Nikasema: "Waambie Bunia tunawasalimu." Nikarudi nyumbani nikapika. Nilijiambia wale wakubwa wa mkutano hawasomi karatasi, wataziacha kwenye viti. Nilijiambia barua yangu ya tarehe 7 itafika, utaelewa, utamuhamisha.

Weye uliponiandikia habari ya diskete yako, nilikuwa nimeshashika kalamu kukueleza kila kitu. Nikasoma mara ya pili. Nikaona mulango umefunguliwa, na mwenye kuufungua ni weye mwenyewe. Nikapita. Usiku ule nilirarua ukurasa mmoja wa kaye, wenye kusema safu ya tano ilitoka, nikauandika upya. Mimi, mwenye kumkatalia Blanchard herufi moja.

Tulipoteza duka, tulipoteza nyumba, hii kazi njo kitu kimoja chenye watu bado waliniitia Mama. Sisemi ili unihurumie. Nasema juu uliuliza.

Nakuomba siku chache tu kabla ya kuambia kamati.

Madeleine


Bunia, 12 Julai 2003

Mama Madeleine,

Salamu yako ya foni niliipata tarehe 11 Februari. Mwenye foni wa huku alikuja mpaka biro kunipa. "Mama Madeleine anawasalimu." Nilifurahi. Siku ile jioni nilimwambia Bénédicte: ona, mwanamke yule hatusahau.

Kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 23 ni siku kumi na nane. Kwenda kwa Félicien kwa mguu natumia nusu saa. Agathe alikuwa na mfuko mmoja na mtoto mmoja.

Kosa la kuchapa ningelibeba pamoja nawe. Nisikilize vizuri, naandika kweli: ningekaa mbele ya familia nikasema, ni yetu sote, tulifanya kazi kwa jenereta na kwa haraka. Lakini ulinipa nibebe peke yangu kitu ambacho hakikuwa changu, ukanitumia na pole. Miezi mitatu nimemlisha yule mtoto nikiamini kwamba nimemuua mama yake. Siku nyingine sikuweza kumwangalia. Yeye alidhani namchukia.

Hakuna siku chache. Panda ndege uje. Sitasema mimi. Utasema wewe, mbele ya watu walewale waliosomewa barua yako.

Donatien


Beni, 25 Agosti 2003

Mwalimu Donatien,

Nimerudi salama. Uliondoka kabla mkutano haujaisha, hukuona mwisho, kwa hiyo nakueleza.

Nilipomaliza kusema nikalia. Nilianguka pale chini mbele yao wote. Wanawake walinyanyuka. Nilifikiri wanakuja kunipiga. Pétronille alinishika kwapani, akaniweka kwa kiti, akanipangusa uso na kitambaa chake. "Mama, wacha kulia, ni vita." Dada ya Félicien alinipa mukono. Blanchard akasimama, akasema ni makosa ya kazi, yenye kutokea kwa mutu mwenye kufanya kazi, na kama chama kinahitaji mama wa moyo kama huu. Wakapiga makofi. Yeye aliyenigongea saa hakujitaja.

Nikauliza juu yako. Akasema kamati itachunguza.

Abigaël alikuwa amekaa mulangoni. Wote walipotoka akanifuata. Akaniuliza: "Jina la mama yangu, ulikuwa unalijua?" Nikasema ndiyo, mimi njo niliyeliandika. Akaniangalia, akaenda. Ni yeye peke yake hakuniambia pole.

Wamenisamehe, Donatien. Sikuomba, walinipa. Na weye?

Madeleine


Bunia, 14 Septemba 2003

Mama Madeleine,

Kamati imechunguza. Wameniandikia kwamba wanasikitika, na kwamba nafasi yangu ina mtu. Ninafundisha darasa la tano chini ya mahema karibu na uwanja wa ndege, watoto themanini na ubao mmoja. Watu sasa wananisalimu. Lakini wakitaka kuandikisha ndugu zao, wanakwenda kwa sekretere mpya. Wamekwisha kujua kwamba si mimi, na bado mikono yao haijajua. Jina likishatajwa pamoja na kifo, linakaa hapo. Wewe ulilia mbele yao wakakuona. Mimi nilikaa kimya miezi mitatu nikiamini nina hatia, na hicho ndicho walichokiona.

Umeuliza kama nimekusamehe. Sijakusamehe. Nimejaribu siku za Jumapili, sijaweza. Sikutakii mabaya. Kamate auze betri zake, wewe uandike kaye yako. Sitakuandikia tena, na usinijibu.

Ila kuna jambo la kazi, na orodha mama iko kwako, kwa hiyo lazima nilimalize.

Wiki iliyopita sekretere mpya alibandika toleo la kumi na nne. Humo alimwandika Abigaël: miaka kumi na miwili, anatafuta ndugu wa mama. Ni kweli kuna mjomba, mdogo wa Agathe, alikimbilia upande wa Mahagi, na huenda bado yu hai. Abigaël aliisoma pale ukutani. Akaja hemani katikati ya somo la hesabu, akasimama mbele yangu.

"Mwalimu, nani aliniandika?"

"Ni biro. Ni ili mjomba akuone."

"Unitoe."

"Nikikutoa, mjomba akija kuuliza hatajua uko wapi."

"Na wengine hawatajua," akasema.

Nilimwambia vita vimepungua, askari wapo, safu ya tano haipo tena kwenye karatasi yoyote. Nilimweleza yote kwa utaratibu, kama mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema tena, bila hasira: "Unitoe."

Nilikwenda naye biro, nikasema mimi ndiye mlezi, nikatia sahihi. Mtoe na wewe huko Beni. Mjomba akifika siku moja, watatafuta kwenye orodha, watamwambia hakuna mtoto wa jina hilo Bunia.

Donatien